Tazama Sharti Kabla ya Kuchagua Algorithimu ya Kasi

Anayechagua mahali pa kuweka vihisi vya kugundua uchafu katika mtandao wa mabomba ya maji hushughulika na fankisheni submodula: kadiri vihisi vinavyozidi kuwapo, ndivyo kihisi kipya kinavyoongeza kidogo zaidi, au si zaidi ya awali. Sharti likiwa idadi ya vihisi tu, na nyongeza ikiwa haipunguzi faida kamwe, algorithimu ya pupa, inayochukua kila hatua kihisi chenye ongezeko kubwa kuliko vyote, haishuki chini ya asilimia 63 hivi ya jibu bora, kama Nemhauser, Wolsey na Fisher walivyothibitisha mwaka 1978.

Kinachochosha ni muda, hasa pale kila tathmini inapodai uigaji mzima wa mwendo wa maji. Ninashauri uanze na toleo la uvivu la mtafiti Minoux: hifadhi maongezeko ya zamani katika foleni ya kipaumbele, yaani orodha ambayo kubwa kuliko yote hukaa juu daima, kisha kokotoa upya la juu tu. Kwa kuwa maongezeko hayakui, likibaki juu limeshinda, na jibu ni lilelile la pupa ya kawaida. Sampuli za nasibu, yaani kupima kila hatua nafasi chache tu zilizochaguliwa kwa bahati, alizozipendekeza Mirzasoleiman na wenzake mwaka 2015, nazitumia data inapokuwa kubwa mno. Kuchagua vihisi 100 kati ya nafasi 10,000 kwa pupa ya kawaida huhitaji tathmini zipatazo milioni moja. Kwa sampuli, ukikubali kupoteza asilimia 1 ya jibu bora, zinatosha kama 46,000. Hata hivyo dhamana hiyo inahusu wastani wa majaribio mengi, si kila jaribio, kwa hiyo mimi hurudia kwa mbegu tofauti, yaani namba tofauti za kuanzishia unasibu.

Sharti likiwa bajeti badala ya idadi, kila kitu kikiwa na gharama yake, ndipo panapodai uangalifu mkubwa zaidi. Kuchagua kwa uwiano wa faida kwa gharama pekee kunaweza kuharibu kila kitu: kitu cha shilingi 1 chenye faida 2 hutangulia kile cha shilingi milioni moja chenye faida milioni moja, na kama bajeti ni milioni moja kamili, cha pili hakitoshei tena. Leskovec na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ukiendesha pupa ya uwiano na pupa isiyojali gharama, kisha ukachukua jibu lililo bora, unahakikishiwa nusu ya ile asilimia 63. Sviridenko aliifikia asilimia hiyo 63 hivi yote mwaka 2004, lakini kwa kuanzia na kila utatu wa vitu, gharama ambayo naikubali kwa orodha ya makumi machache tu. Kwingineko naendesha pupa zote mbili kwa uvivu, maana gharama ya kitu haibadiliki, na uwiano wa zamani hubaki kikomo halali cha juu cha uwiano mpya.