Shilingi 1.85 × 10⁶ ndiyo ngapi?

Mwenyekiti wa saccos yetu aliinua karatasi, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, hii ni shilingi ngapi?" Ripoti ilisema jumla ya marejesho ni 1.85 × 10⁶. Sikuandika hivyo mimi. Nilichomeka tu `r jumla` katikati ya sentensi ya R Markdown (faili linalochanganya maandishi na hesabu za lugha ya R), na knitr, kifurushi kinacholigeuza kuwa ripoti, ikajiamulia kuandika kama iko maabara.

Tangu siku hiyo kila ripoti yangu inaanza na kipande hiki, juu kabisa:

```
knitr::opts_chunk$set(echo = FALSE, message = FALSE, comment = NA)
options(scipen = 999)
fedha <- function(x) format(round(x), big.mark = ",")
```

`echo` inaficha msimbo, `message` inanyamazisha kelele za vifurushi vinapopakiwa, na `comment = NA` inaondoa zile ## mbele ya kila mstari wa matokeo. `scipen = 999` inazuia namba kuandikwa kwa mtindo wa × 10⁶, na `fedha` inaweka mikato ya maelfu. Ndani ya sentensi naandika `r fedha(jumla)`, inatoka 1,850,000. Kwa majedwali, `kable`, amri ya knitr ya kuchora jedwali, inapokea `format.args = list(big.mark = ",")`.

Utaona `warning = FALSE`, inayoficha maonyo, haimo. Zamani ilikuwemo, tena nilijisifu kwa ripoti safi. Kumbe karani alikuwa ameingiza baadhi ya malipo kwa mkato: "1,200", "15,000". Ukiipa `as.numeric` maandishi yenye mkato inakurudishia NA, yaani thamani haipo, na inakuonya. Onyo nilikuwa nimeliziba mdomo mwenyewe. Halafu `sum` yangu ilikuwa na `na.rm = TRUE`, yaani ondoa NA, ikaziruka zote kimyakimya. Ripoti ilipendeza, hesabu ilikuwa pungufu, na aliyegundua ni mweka hazina, mama mtu mzima mwenye kikokotoo cha sola na daftari la kaunta. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku hizi mikato naiondoa kwa `gsub(",", "", malipo)` kabla ya kugeuza kuwa namba, na maonyo nayaacha yachafue ripoti mpaka niyasome moja moja. Nikishajua onyo fulani halina madhara, nalizima kwenye kipande hicho peke yake. Mnaotumia Quarto, ndugu mdogo wa R Markdown, mnaandika `#| warning: false` kwenye mstari wa kwanza wa kipande.

Na ripoti kabla haijatoka, mweka hazina anaijumlisha kwanza kwa kile kikokotoo chake.