Dogo unayeanza kazi za intaneti Mbeya, usimchagulie mteja cha kufungua

Wadogo zangu mnaoanza field za mtandao huku kwetu, na nyie mnaotaka kusambaza intaneti mitaani, Uyole, Mbalizi mpaka Tukuyu huko, naomba niwaambie kitu ambacho mi nilijifunza kwa kumuumiza mteja. Kazi yako ni kupitisha data. Mteja anafungua nini, hayo ni yake.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikuwa na laini ya spidi ya mega 50 kwa sekunde kwa nyumba kama 60, ikifika saa mbili usiku simu haziishi, "fundi neti imekufa", na kweli ukiangalia grafu laini imejaa na kinachokula sana ni YouTube. Bosi akasema bana YouTube. Nikaingia kwenye MikroTik, ile ruta yetu, nikaandika sheria, kuanzia saa moja jioni YouTube isizidi nusu mega kwa kila nyumba, simu zikapungua tukaona tumemaliza. Siku ya tatu akaja mama mmoja fundi cherehani wa pale pale Uyole, kashika simu, ananionyesha video ya kukata kola ya shati, picha ina ukungu huwezi kuona hata mkasi unapita wapi, na kale kaduara kanazunguka tu. Anajifunzia hapo usiku watoto wakishalala. Akaniuliza, "Mwanangu, mi na jirani tunalipa bei moja, mbona yeye neti yake haina shida?" Nikaenda kuangalia, kumbe jirani anashusha magemu usiku kucha, mega 20 peke yake, na sheria yangu haimgusi maana hatumii YouTube.

Pale ndo nikaelewa kwamba shida ilikuwa laini ndogo na foleni isiyo na utaratibu. Nikafuta ile sheria nikaweka PCQ, aina ya foleni ya MikroTik ambayo inagawa spidi kwa kichwa, wakiwa hewani 25 kila mmoja mega 2, wakibaki 10 kila mmoja mega 5, mtu aangalie kola au ashushe gemu ruta haijali. Kama MikroTik yako ina RouterOS 7, yaani programu inayoiendesha, jifunze na fq_codel, hiyo ni foleni nyingine inayozuia foleni isirefuke ndani ya ruta, yaani mmoja akipandisha video kubwa simu ya WhatsApp ya mwenzie haikatikatiki. Alafu nikamwambia bosi ukweli, nyumba 60 kwa mega 50 ni nyingi, tuongeze laini. Alinuna wiki nzima ila akaongeza.

Hii habari ya kutobagua data, profesa wa sheria Tim Wu wa Marekani ndo aliipa jina la "net neutrality" mwaka 2003, na kule wamevutana nayo mpaka leo. 2007 kampuni ya intaneti ya Comcast iligundulika inawakatia watu BitTorrent, njia ya kurushiana mafaili, kimya kimya, kanuni kali za kukataza ubaguzi huo zikaja 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa 2024, Januari 2025 mahakama ikazitupa tena. Wanagombana hivyo kwa sababu familia nyingi kule zina kampuni moja au mbili tu za kuwavutia waya nyumbani, ukibanwa huna pa kukimbilia.

Sisi je? Pale Mwanjelwa unabadili laini chai haijapoa, na tangu 2017 unahama kampuni na namba yako ile ile. Ila panda vijiji vya Rungwe au Makete, unaweza kukuta mnara unaoshika vizuri ni mmoja, sa hapo ushindani uko wapi? Kwaiyo ukitumwa kijijini usiende na laini moja, beba laini za kampuni zote, simama uwanjani kwa mteja, pima spidi mchana na saa mbili usiku, andika kwenye daftari. Na penye mnara mmoja ndo uwe muungwana zaidi, maana yule mteja hana pa kuhamia hata ukimkosea.

Vile vibando vya WhatsApp tu au mitandao ya kijamii tu, najua ni nafuu, na mi nanunua mwezi ukiwa mgumu. Lakini fikiria mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, katengeneza programu ya bei za viazi, mkulima ana bando la WhatsApp peke yake, programu haifunguki, anarudi kuuliza bei kwenye grupu la madalali. Hapo nani kashindwa, na alishindanishwa saa ngapi? India walilikataa hili Februari 2016, wakapiga marufuku kuuza data kwa bei tofauti kulingana na unachofungua, na Free Basics ya Facebook, iliyofungua tovuti chache tu bure, kwa India ikaishia hapo. Kwa maoni yangu walifanya sahihi.

Leseni msiruke. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, nenda kaulize kabla hujamvutia jirani waya wa kwanza.

Na kila sheria unayoweka kwenye ruta andika pembeni yake tarehe, nani kaagiza na kwa nini. Mwezi uliopita nimefungua ruta ya mzee mmoja Mbalizi nikakuta sheria inabana simu za WhatsApp, haina jina wala tarehe, na mzee mwaka mzima alikuwa anaamini simu ya mwanae aliyeko Dodoma ni mbovu.