Je, Ulaya imemwacha Mungu? Inategemea nani anahesabu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni "Je, ni kweli Ulaya imemwacha Mungu?" Jibu langu: takwimu nyingi tunazotumiwa simuni hazihesabu imani. Zinahesabu majina daftarini, na kila nchi ina daftari lake.

Nianze na Ujerumani, maana naishi Leipzig, jimbo la Saxony. Ukijiandikisha manispaa, fomu inakuuliza dini yako. Nilijaza Mlutheri bila kuwaza, nimepata kipaimara KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) mimi. Mshahara wa kwanza ulipotoka nikakuta makato: kodi ya kanisa, asilimia 9 ya kodi ya mapato (si ya mshahara, msishtuke; na Bavaria na Baden-Württemberg ni 8). Inakatwa kama makato mengine yoyote, kisha kanisa linapelekewa. Hakuna bahasha, hakuna mzee wa kanisa wa kukukumbusha ahadi yako. Ukitaka yakome, huendi kwa mchungaji. Unakwenda ofisi ya serikali, unasaini kwamba umejitoa, basi.

Mwaka 2022 Wakatoliki zaidi ya 520,000 walisaini. Mwaka huo ulianza na ripoti ya Munich kuhusu watoto walionyanyaswa kingono na mapadre. Ni mwaka huohuo ilipojulikana kwamba Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja wameshuka chini ya nusu ya wakazi wote kwa mara ya kwanza. Lakini kati ya hao waliosaini wapo waliojitoa kwa hasira na bado wanasali, wapo waliokimbia kodi tu, na wapo ambao imani iliwaisha miaka mingi nyuma, karatasi ndiyo ilichelewa. Takwimu inawaweka kapu moja.

Sensa ya 2022 ina kituko zaidi. Upande wa dini ina mafungu matatu: Wakatoliki, Waprotestanti, na fungu la wengine, wasio na dini na wasiojulikana. Mwoka mikate wa mtaani kwangu, asiyekosa msikiti Ijumaa, amehesabiwa pamoja na jirani yake asiyeamini chochote! Halafu kuna watu wanalisoma fungu hilo lote kama "wasioamini".

Mashariki, huku nilipo, mambo ni tofauti kabisa. Mwaka 1950 zaidi ya watu 9 kati ya 10 wa Ujerumani Mashariki walikuwa washarika wa kanisa fulani. Kufikia 1989 walibaki kama 3 kati ya 10. Serikali ya chama cha kikomunisti haikufunga makanisa yote. Ilifanya uanachama uwe na gharama. Mtoto wa familia ya kanisa aliweza kunyimwa nafasi ya masomo ya juu. Kuanzia 1955 vijana wa miaka 14 walifanyiwa sherehe ya serikali badala ya kipaimara. Mwaka 1968 kanisa la chuo kikuu hapa Leipzig, lililonusurika vita, lililipuliwa kwa baruti. Ukuta wa Berlin ulipoanguka wengi walidhani watu watarudi. Hawakurudi, kwa kuwa hawakuwa na pa kurudi: wenzangu kazini hawajaacha dini, bibi zao ndio walioacha. Sherehe ile ya miaka 14, hata hivyo, bado inafanyika, na suti na zawadi, ingawa serikali iliyoieneza haipo.

Kwingine napita haraka. Uswidi, hadi 1996 mtoto aliandikwa kanisani moja kwa moja mzazi mmoja akiwa mshiriki, kwa hiyo jina daftarini halikuhitaji imani. Poland ilishuka kutoka takriban asilimia 88 ya Wakatoliki mwaka 2011 hadi 71 mwaka 2021, ila mtu mmoja kati ya watano alikataa kujibu swali la dini kwenye sensa. Ireland imeshuka kutoka 79 hadi 69 kati ya 2016 na 2022, na katikati hapo swali la sensa lilibadilishwa.

Sisemi imani haijapungua. Uingereza na Wales, wanaojiita Wakristo walikuwa asilimia 59 mwaka 2011, wakawa 46 mwaka 2021, na hapo hakuna kodi ya kukimbia. Hilo ni anguko la kweli. Hata viti vitupu vya Jumapili huku naviona.

Linalotuhusu sisi ni fedha. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Leo KKKT ina mamilioni ya washarika, na kanisa la Kilutheri la Saxony halifikishi milioni 1. Bado sehemu ya misaada inayofika kwenye kazi zetu nyumbani inatokana na kodi ile ile, na kila anayesaini anaipunguza. Mikutano mikuu ya dayosisi ingelijadili hilo mapema, kabla ya kujadili kama Wazungu wataiona mbingu.

Msomaji wenu, Leipzig