Kabla ya Kutangaza Ugunduzi, Uliza Chombo Kilikuwa Wapi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Singida aliniandikia akiuliza aanzie wapi kuzichunguza elektroni zenye nishati kubwa zinazorushwa na milipuko ya Jua. Namjibu hapa kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyo hiyo, na kwa kuwa aibu niliyoipata bado inaniuma.

Elektroni hizo hatuzioni zenyewe. Tunafuata nyayo zake. Zinazoshuka hugonga tabaka zito karibu na uso wa Jua, zikapunguzwa mwendo ghafla na kutoa eksirei. Zinazopanda kufuata njia za sumaku zilizo wazi, kwa kasi inayoweza kufikia theluthi ya kasi ya mwanga, huitikisa plazma, yaani gesi yenye chaji za umeme, nayo ikatoa mawimbi ya redio, ambayo masafa yake huteremka kwa sekunde chache tu kwa sababu plazma inazidi kuwa nyepesi kadiri zinavyoliacha Jua.

Usiku mmoja chumbani kwangu Ng'ong'ona, Dodoma, upepo ukitikisa bati na kanga ikiwa imetundikwa dirishani kuzuia vumbi, niliweka sambamba grafu mbili: eksirei za kipimio cha STIX kilichomo katika Solar Orbiter, chombo cha anga kilichorushwa mwaka 2020, na redio za e-CALLISTO, mtandao wa vipokezi vilivyoko hapa duniani. Eksirei zilitangulia kwa dakika nne na ushei. Sikulala. Niliandika kurasa kumi na moja kueleza kwamba elektroni hungoja kabla ya kupanda, nikazisoma mbele ya jopo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda.

Mjumbe mmoja aliuliza, "Chombo chenyewe kilikuwa umbali gani kutoka kwenye Jua?" Kilikuwa nusu ya umbali wetu. Mwanga wa Jua, sawa na eksirei na redio, hutufikia kwa takriban sekunde 499, kwa hiyo chenyewe kilipokea eksirei sekunde 250 hivi kabla yetu. Watu walicheka, na msimamizi wangu, aliyekuwa ameisoma rasimu yote, alicheka nao.

Basi, mdogo wangu, angalia muda. Anza na kumbukumbu za RHESSI, chombo cha NASA cha kupima eksirei za Jua, za mwaka 2002 hadi 2018, ambazo ni za bure na hazina mtego huo, maana chombo hicho kiliizunguka Dunia. Kisha angalia muda tena: ukiandika daftarini saa nne asubuhi, kumbukumbu, zinazotumia saa za kimataifa (UTC), zitasema 07:00. Vijana mnapenda kupiga vigelegele kabla bibi harusi hajatoka ndani, nami sikuwa tofauti.

Nilipofanya masahihisho, tofauti ilibaki sekunde mbili. Rasimu ya pili nilimpelekea yule mjumbe kwanza, msimamizi baadaye.