Uzamivu Luxembourg: bisha hodi maabara kwanza

Dada, unasema umemaliza uzamili wa baiolojia ya molekuli, unataka uzamivu Luxembourg, ila hujui fedha zinaombwa wapi. Nchi ni ndogo, hivyo milango ni michache na inajulikana. Mfadhili mkuu ni mfuko wa taifa wa utafiti, FNR, ulioanzishwa 1999. Lakini usianze naye. Anza na maabara, kwa sababu bila msimamizi aliyekukubali, ombi lako la AFR, yaani ruzuku ya FNR kwa mwanafunzi mmoja mmoja, halina miguu. Tena fedha nyingine, zile za mpango wa PRIDE wa FNR hiyohiyo, hupewa taasisi moja kwa moja, nayo ndiyo inayotangaza nafasi kama ajira.

Kwa fani yako tazama LCSB, kituo cha utafiti wa tiba cha Chuo Kikuu cha Luxembourg, wanaochunguza sana ugonjwa wa Parkinson, na LIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya, kwa saratani na kinga ya mwili. LCSB iko Belval, ambako matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma bado yamesimama pembeni ya kampasi.

Barua yako iwe fupi. Taja makala moja ya maabara hiyo uliyoisoma, na ueleze jaribio ulilolifanya kwa mikono yako: PCR, ile njia ya kunakili DNA, ilikugomea wapi, ukairekebishaje. Nakusihi, usitume barua moja kwa watu 40. Wanaitambua mara moja.

Kiingereza kinatosha maabara. Kodi ya nyumba ndiyo itakayokubana, ingawa usafiri wa umma ni bure tangu 2020. Na kibali cha kukaa kitoke kabla hujakata tiketi.