Kisanduku Kitupu Kiache Kitupu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Ameajiriwa karibuni kwenye kitengo cha takwimu cha mamlaka ya mazingira, na kazi yake ya kwanza ni kuandaa jedwali la ubora wa maji kwa ajili ya ripoti ya mwaka. Baadhi ya miezi haina vipimo. Mkuu wake amemwambia aweke wastani wa miezi mingine ili jedwali lipendeze. Anauliza afanye nini.

Dada yangu, usiweke. Nakujibu hadharani kwa kuwa najua wako wengi wanaoambiwa hivyo hivyo, na sote tuna hamu moja: kazi yetu ifike mezani kwa mwenye kuamua, naye aamue akiwa na ukweli mkononi. Kisanduku kiache kitupu, kitie alama, na chini ya jedwali andika sababu. Mafuriko, kifaa kibovu, gari kukosa mafuta. Hata hiyo ya mafuta iandike.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Miaka ya nyuma nilikuwa kwenye timu iliyofuatilia mto mmoja unaopita kando ya viwanda. Kazi ya mtoni naipenda hadi leo. Unaisuuza chupa kwa maji ya mto wenyewe kabla ya kuchukua sampuli, unaandika kwa penseli maana wino huchuruzika karatasi ikilowa, unazipanga chupa kwenye barafu na kuziwahisha maabara. Oksijeni iliyoyeyuka majini unaipima pale pale, haingoji safari.

Ripoti ikatoka: oksijeni ya kutosha, mto una afya. Mimi nilipokaa na zile fomu za mtoni nikaona kwamba vipimo vyote vilichukuliwa alasiri. Anayeyajua maji ameshaelewa. Mchana mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku haitoi, ilhali kila kiumbe mle ndani kinaendelea kupumua, kwa hiyo kiwango hushuka mpaka kufika chini kabisa karibu na alfajiri. Namba zetu zilikuwa sahihi kila moja, na picha waliyoipata wakubwa ilikuwa ya uongo.

Nikaandika waraka mfupi. Niliomba jedwali liongezwe safu ya saa ya kupima, na tuanze kupima alfajiri pia. Nikajibiwa kwamba safu za ziada zinawachanganya watunga sera, na waraka wangu ukaishia kwenye faili. Msimu wa joto uliofuata samaki wakaanza kuelea asubuhi, na ni wavuvi waliotuletea habari. Ndipo tukatumwa kupima kabla ya jua kuchomoza, na kiwango tulichokikuta hakikufanana hata kidogo na kile cha kwenye ripoti. Masharti ya vibali vya kumwaga majitaka yakabadilishwa. Upimaji wa alfajiri ukawa utaratibu. Ile safu ya saa imo kwenye kila ripoti tangu hapo. Jina langu halimo hata kwenye shukrani. Limeniuma na bado linaniuma. Ila kila nikiiona safu ile najua imetoka wapi, na hilo hakuna wa kuniondolea.

Mtu asikwambie kwamba haya ni mambo madogo. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, juu ya Antaktika inapungua kupita kiasi kila majira ya kuchipua ya huko. Walitegemea vipimo vya ardhini vya kituo cha Halley, vilivyokuwa vikikusanywa tangu miaka ya 1950. Setilaiti ya Marekani nayo ilikuwa imeyaona mapungufu hayo, lakini programu iliyochambua takwimu zake iliviweka kando viwango vya chini mno kama vya kutiliwa shaka. Angalia neno hilo: iliviweka kando, haikuvifuta wala kuvibadilisha kuwa wastani. Kwa hiyo wataalamu walipovirudia, vilikuwepo, vikathibitisha ukubwa wa tatizo. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa mataifa wa kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, ikatiwa saini.

Au chukua hewa. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 lilitaka vituo vya kudumu vya kupima hewa viwe na vipimo kwa angalau asilimia 90 ya muda, na nchi zinapopeleka takwimu kwa Shirika la Mazingira la Ulaya, huko Copenhagen, kila kipimo huenda na alama ya kuonyesha kama ni halali. Wanaoheshimika katika kazi hii huonyesha pengo. Kulificha ni kumwibia mwananchi anayekunywa yale maji.

Na jambo jingine la aina hiyo hiyo: maabara ikikuletea jibu lenye alama ya "chini ya", maana yake kitu hicho ni kidogo kuliko uwezo wa kifaa kukiona. Usiandike sifuri. Sifuri ni dai, na wewe huna ushahidi wa kulidai.

Sasa mwenye kuamua atalionaje pengo lako, wakati husoma ukurasa wa kwanza tu? Mimi siku hizi naliweka huko huko kwenye muhtasari, kwa sentensi tatu: tusichokijua, uamuzi gani unakitegemea, na gharama ya kukijua. Ripoti ya kwanza niliyoiandika hivyo ilipita mikononi mwa watu wa bajeti, na tukapata fedha za vifaa vinavyokaa majini na kurekodi oksijeni vyenyewe, usiku na mchana. Miaka yote tuliyokuwa tukijaza wastani, hakuna aliyewahi kutuuliza kama tunahitaji chochote.