Kumpeleka mama kituoni si kumtupa

Dada, pole sana. Umesema umempeleka mama yako mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu na fahamu taratibu, kwenye kituo cha kutunzia wazee, kila ukienda kumwona anakung'ang'ania mkono akisema "nipeleke nyumbani", na kaka yako amekutamkia mbele ya ndugu kwamba umemtupa. Unauliza kama huku kujilaumu kutaisha. Nimeyapitia hayo kwa baba yangu.

Nianze na hilo la nyumbani, maana ndilo linalochoma zaidi. Baba alianza kudai apelekwe nyumbani akiwa bado yuko nyumbani kwake, tena ameketi kwenye kiti chake cha siku zote. Jua likianza kushuka tu, anatafuta viatu, anakwenda kujaribu kitasa cha mlango, anauliza mama yake yuko wapi. Hiyo hali ya jioni wauguzi wa wagonjwa hawa wanaijua vizuri. Mara nyingi mgonjwa ana hofu, au amechoka, au ana maumivu, au amebanwa na haja na hawezi kusema. Kwa hiyo hata ukimrudisha mama leo, usishangae jioni akakuomba umpeleke nyumbani. Usibishane naye, na kama anawauliza wazazi wake usimwambie walishakufa, kwa sababu kila ukimwambia anafiwa upya. Mimi nilikuwa namuuliza baba, "Huko nyumbani kuna nani?" Akianza kusimulia habari za kaka zake, nilikuwa nausikia mkono wake ukilegea taratibu ndani ya wangu.

Halafu kuna ile ahadi. Wengi wetu tuliwaambia wazazi wetu, wakiwa na akili timamu, kwamba hatutawapeleka popote. Mimi nimekuja kuamini kwamba tulichoahidi hasa ni kutowaacha bila matunzo. Ugonjwa ukifika pale ambapo mtu anatoka nje usiku wa manane, anapaliwa na maji ya kunywa, na akishalala kitandani moja kwa moja inabidi ageuzwe kila baada ya saa chache asitoke vidonda, matunzo hayo yanampita mtu mmoja. Kituoni kazi hiyo inagawanywa kwa zamu. Nyumbani zamu zote zilikuwa zako.

Kaka yako usigombane naye. Mwombe akakae na mama siku nzima, kuanzia asubuhi mpaka ile saa ya jioni. Anayelaumu kwa mbali mara nyingi anaumia pia, ila hajaona.

Sasa swali lenyewe. Kwangu hatia haikukatika siku moja, ila nilipoichunguza niliona sehemu kubwa ni msiba. Unamlilia mtu ambaye bado unamshika mkono, na hakuna anayekuja kukupa pole. Pauline Boss, mtafiti wa Marekani, amekuwa akiuandika msiba wa aina hiyo tangu miaka ya 1970. Lia, dada. Haimaanishi uliamua vibaya.

Usije ukaacha kwenda kwa kuwa "hata hakumbuki kama nilikuja". Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Iowa kilichapisha utafiti uliowaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya demensia, vipande vya filamu, vingine vya huzuni, vingine vya furaha. Dakika chache baadaye wengi walikuwa wamesahau karibu yote waliyoyaona, lakini huzuni au furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Kwa hiyo mama anaweza kusahau kwamba ulikuja na bado akabaki na utulivu uliomwachia. Mimi, nilipopumzishwa kazi ya kuosha, kubadilisha nguo na kulinda mlango, nilipata tena nafasi ya kukaa tu na baba yangu. Nilikuwa nampaka mafuta mikononi huku tukinyamaza.

Lakini tofautisha kujilaumu na wasiwasi wenye sababu. Nenda saa tofauti tofauti. Tazama visigino na nyonga kama ngozi imeanza kuwa nyekundu, tazama kinywa, kucha, nguo kama zinazidi kumpwaya. Akichanganyikiwa ghafla kuliko kawaida yake, dai apimwe, maana maambukizi ya njia ya mkojo humfanya mzee hivyo, na yanatibika. Ukiona uzembe, sema; wasiposikia, mhamishe.

Na kuhusu kuondoka, ambako umesema unatoka unalia: panga ziara yako iishie anapoletewa chakula, mhudumu akiwa ameshakaa karibu yake. Usiage kwa maneno mengi. Mwambie unakwenda kufanya jambo fulani na utakuja tena, mbusu, utoke. Kisha piga simu baada ya muda kidogo uulize anaendeleaje. Mara nyingi niliambiwa ameshatulia, anakula.